Paa la Mwenyewe: Kumuaga Mzee Abdool, Fundi wa Haidroliki

Leo Ijumaa, tarehe 25 Julai 2025, Mzee Abdool Amade anavua ovaroli yake ya buluu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu hapa Umbilo, Durban. Aliingia mwaka 1991 akiwa mtu wa kuosha vipuri kwa dizeli. Anatoka akiwa fundi mkuu wa haidroliki. Maana yake ni kwamba kila kitu kinachopanda na kushuka kwa nguvu ya mafuta, kuanzia jeki za magari hadi mapaa ya karavani, kilikuwa chini ya mamlaka yake, na ole wako ukikigusa bila kumwuliza. Mimi ni Constance, mtunza stoo. Kamati ya sherehe imenipa kuandika wasifu huu kwa sababu, wamesema, hakuna aliyegombana naye kuliko mimi. Ni kweli, wala sioni haya.

Wengi mmeniuliza kwa nini anaondoka sasa, na mwenye karakana alimwomba abaki mwaka mmoja zaidi. Nitalisema wazi, kwa ruhusa ya wahusika. Mkewe, Mama Aysha, ana presha ya macho. Mwaka jana daktari alimweleza kwamba uoni wake unafungwa kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati, na dawa ya matone inachelewesha tu, hairudishi kilichokwisha kwenda. Mama Aysha alishona kola za mashati kiwandani maisha yake yote ya kazi. Juu ya cherehani yake palikuwa na kalenda yenye picha ya Namaqualand, kule upande wa pili wa nchi, ardhi kavu iliyojaa maua ya rangi ya chungwa mpaka milima inapoanzia. Mwaka wa kalenda ile uliisha, na mingine mingi ikaisha, lakini wanawake wa mstari ule wa cherehani hawakukubali ibanduliwe. Mama Aysha anataka kuyaona maua hayo kwa macho yake. Yenyewe hutoka Agosti, yakajikokota mpaka Septemba, basi. Mwakani hakuna ajuaye ataona nini.

Chombo cha safari kipo. Mzee Abdool ana bakkie, gari la mizigo kama yale tunayoyatengeneza kila siku, na mgongoni mwake hubeba karavani ya zamani iliyotengenezwa Marekani kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kwa asiyeijua, hiki ni kichumba chenye kitanda, kabati na jiko la gesi. Ukiwa njiani paa lake linakaa chini ili upepo usikusumbue, na ukifika unalipandisha kwa pampu ya mkono. Kila pembe ina silinda yake ya mafuta. Ukipampu, silinda zote nne zinasukuma kwa pamoja, paa linapanda na kuta zake za juu, na mtu anasimama wima kama yuko jikoni kwake. Paa likiwa chini, unaingia umejikunja kama anayetafuta kiatu chini ya kitanda.

Na paa hilo lilikataa kusimama. Kupanda lilipanda, tena kwa kugugumia, lakini ukilala ukaamka unakuta pembe ya nyuma kushoto imeinama na mlango umekwama. Kwa miaka kadhaa, fundi wa mapaa ya Durban nzima hakuwa na paa lake mwenyewe. Mama Aysha alikwisha kusema kwamba hatavuka nchi nzima akiwa amejikunja, na kwa nyonga zake zinazomuuma hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo tangu Mei, tulipojua tarehe ya kustaafu, kila mtu hapa alilijua jambo moja: paa lisimame kabla ya Agosti, au Mama Aysha ayakose maua.

Nitalirudia hilo. Kwanza mjue tunamuaga nani.

Abdool alizaliwa katika jamii ya Wazanzibari wa Durban, ambao wazee wao waliletwa hapa kutoka mwambao wa Afrika Mashariki enzi za meli za Waingereza, wakajenga maisha kule Bluff, kisha serikali ya ubaguzi ikawang'oa na kuwapeleka Chatsworth. Nyumbani kwao walisema Kiingereza, na bibi alisema Kimakua. Kiswahili kilibaki maneno ya madrasa na ya kukemea watoto. Sisi Wakongo tulipoanza kuajiriwa hapa, Abdool akafurahi kweli, akasema sasa atajifunza Kiswahili cha mababu. Kumbe mwalimu aliyempata ni Papy, fundi mwenzake kutoka Bukavu! Leo hii Mzee anaongea Kiswahili kilichochanganywa na Kifaransa, cha "iko bien" na "ile affaire", na shangazi zake wa Chatsworth hucheka mpaka wakafuta machozi kwa kanga, kwamba mtoto wao amewarudia mababu kwa njia ya Bukavu. Yeye hajali hata kidogo. Huwajibu kwa Kiswahili hicho hicho, na sauti anapandisha.

Sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mzee Abdool si mtu mnyenyekevu. Akitengeneza pampu, utasikia habari za pampu hiyo mpaka kwenye robot ya pili, yaani taa za barabarani, maana atamsimulia dereva wa taxi, abiria, na askari wa usalama barabarani kama wakisimamishwa. Mteja akimshukuru mara moja, humtazama kama anayesubiri ya pili. Lakini sifa zake zilikuwa na mzigo ndani. Mnakumbuka kanisa moja la kule Sydenham, waliokuwa na karavani ya kupikia chai ya wanakwaya. Paa lilipanda vizuri likiwa hapa kwetu, likifika kanisani linagoma. Walilifanyia maombi wiki nzima. Mzee Abdool akaenda, akaizunguka bakkie, akatazama mteremko wa uwanja, akamwomba mchungaji aligeuze gari litazame juu. Paa likapanda, watu wakapiga vigelegele. Tangi la mafuta lilikuwa na upungufu kidogo, basi gari likitazama chini mafuta yanakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa. Mchungaji alipouliza kosa lilikuwa nini, Mzee alimwambia maombi yalijibiwa siku nyingi, ila walikuwa wanayapokea wakiwa wameelekea bondeni. Kanisa hilo wanamletea keki kila Krismasi, na yeye huila yote, Mwislamu wetu.

Kazini alikuwa mkali. Hakuna aliyeruhusiwa kuingiza hata kidole chini ya paa lililopandishwa bila kuweka nguzo nne za mbao, moja kila pembe. Aliyesahau alitumwa nje ya geti akasimame ajifikirie, hata kama ni mtu mzima mwenye wajukuu. Na alikuwa na desturi yake ya kulilaza paa likiwa juu. Baada ya matengenezo, paa lilipandishwa, na kila pembe ikaning'inizwa uzi wenye nati nzito, ukashuka mpaka nati iguse alama ya chaki sakafuni. Halafu watu wanakwenda nyumbani. Asubuhi uzi ukiwa umelegea hata kwa unene wa ukucha, kazi inaanza upya. Wateja walilalamika kwamba tunawachelewesha. Mzee aliwajibu kwamba paa si kofia, likikushukia hulivui.

Sasa pua. Ah, pua ya Mzee Abdool! Hapa mafuta hayatupwi. Yanayobaki hutiwa kwenye chupa tupu za juisi na kuwekwa rafuni. Kazi yangu mimi ni kutaka kila chupa iwe na lebo, na kazi ya Mzee Abdool kwa miaka yote hiyo ilikuwa kukataa. Alifungua kifuniko, akanusa mara moja, akasema hii ni ya haidroliki, hii ya breki, hii ya gia, na hii imeungua. Alisema lebo yake iko katikati ya uso. Tuligombana mpaka wateja wakadhani ni mtu na mkewe.

Halafu, miaka kama minne iliyopita, akaanzisha kitu alichokiita somo la pua. Alikuwa akimwita yeyote aliye karibu, anampa chupa, anamwambia anuse na aseme kwa sauti. Papy alinusa. Mimi nilinusa. Gracieuse wetu wa kushona maturubai, ambaye alikuwa hajui tofauti ya mafuta na sharubati, alinusa mpaka akawa bingwa. Tulisema Mzee amekuwa mwalimu sasa, anataka kutuachia elimu yake. Hata mwenye karakana alimsifu kwenye mkutano wa Desemba, na Mzee akainama kidogo, jambo ambalo si kawaida yake. Nilidhani ni adabu ya uzee.

Basi, Mei ikaingia, naye akaileta karavani yake uani ili aitengeneze baada ya saa za kazi. Papy akajitolea kusaidia, akafukuzwa. Mimi nikajitolea kutafuta vipuri, nikaambiwa nikae na stoo yangu. Mambo ya nyumbani kwake ni ya nyumbani kwake. Hata mafuta alikuja nayo kutoka gereji yake ya Chatsworth, kwenye chupa zake, kwa kuwa mafuta ya kazi ni ya kazi, na katika hilo Mzee Abdool hajawahi kukosea hata tone. Papy akamtania kwamba mganga hajigangi. Mzee akamwambia mganga huyu anajiganga, tena bila mbuzi.

Kwanza alisema ni pampu. Ndani ya pampu kuna kigololi kinachozuia mafuta yasirudi, na uchafu kidogo tu ukikaa chini yake, paa linashuka polepole. Alikifungua, akakisafisha, akakirudisha. Paa likapanda. Asubuhi pembe ya nyuma kushoto imeinama.

Akasema ni hewa. Hewa ikiingia kwenye mabomba inabanwa pale ambapo mafuta yangesukuma, na pembe moja inabaki nyuma ya wenzake. Akatoa hewa silinda moja baada ya nyingine, akijaza mafuta kila yanapopungua. Paa likapanda vizuri kuliko jana, akapita stoo kunionesha tabasamu. Asubuhi, pembe ile ile.

Akasema basi ni silinda yenyewe. Akaifungua, akakuta mpira wa ndani umevimba na kuchanika. Akauweka mpya, akajaza mafuta, akapandisha, akaning'iniza nyuzi zake. Siku hiyo alikwenda nyumbani akiimba. Paa lilikaa siku chache hivi, kisha likaanza tena kuinama, na mpira mpya ulipotolewa ulikuwa umevimba kama wa zamani. Eish. Nilimwona amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameushika mpira ule kiganjani, anaugeuza na kuugeuza. Miaka yote sikuwahi kumwona Mzee Abdool akishindwa na kipuri, na niliumia kuliko nilivyotaka aone.

Juni ikapita hivyo. Julai ikaingia na baridi yake. Mzee akawa mkali kwa kila mtu, na akaanza kusema huenda maua si ya lazima mwaka huu, kwamba milima ya Drakensberg iko karibu na Mama anaweza kuona theluji. Tulijua anaanza kukata tamaa, na tulijua hatukubaliwi kugusa. Papy alizunguka karavani ile kama paka anayezunguka samaki, anarudi kwenye kazi yake.

Ndipo Mama Aysha akaja mwenyewe. Alipanda taxi mbili kutoka Chatsworth, akafika getini akiwa ameshika ukuta, akaja moja kwa moja kwenye kaunta yangu. Mumewe alikuwa ametumwa kwa mteja wa South Beach. Nilimpa kiti na chai. Akaniomba nimwitie Papy. Papy akaja anafuta mikono, akamwamkia kwa heshima, na kabla hajaulizwa kitu, akaeleza kwamba Vieux, yaani Mzee kwa Kifaransa, maana ndivyo anavyomwita Abdool, hataki mtu aguse paa lake. Mama Aysha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, paa ni lake, lakini macho ni yangu."

Papy hakusubiri neno la pili. Aliweka nguzo nne, akafungua tangi la pampu, akavuta mafuta kidogo na kuyatia kwenye gilasi safi. Yalikuwa na tabaka mbili, moja juu ya nyingine, kama mchuzi uliopoa. Akanusa, uso ukambadilika, akanusa tena. Wakati huo huo Mzee Abdool akaingia getini, akaona watu kwenye karavani yake na mkewe kwenye kiti, akaanza kufoka. Papy akamnyooshea gilasi, akasema kwa upole, "Vieux, hii iko mafuta ya breki."

Mzee aliichukua gilasi. Alinusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba, sote tukimtazama. Akasema hapana, hii ni ya haidroliki, safi. Papy akampa Gracieuse. Gracieuse alisogeza gilasi mbali na pua, akatikisa kichwa, akamtazama Mzee kwa huruma. Kitu ambacho mshona maturubai alikijua kwa pumzi moja, mwalimu wake hakukijua. Mtu akaizima redio.

Akakaa kwenye ndoo ile ile, akatuambia. Majira ya baridi ya 2021, korona ilimpata, akalazwa, akapona, akarudi kazini tukampigia makofi. Pua haikurudi. Hasikii harufu ya mafuta, wala kahawa, wala udi siku ya Idi. Mwanzo alidhani itarudi baada ya mwezi, kisha baada ya mwaka. Aliogopa kwamba fundi aliyeutangazia mji mzima pua yake, akisema haipo tena, atapewa ufagio. Kwa hiyo akatafuta pua nyingine, na pua hizo zilikuwa sisi.

Jamani! Somo la pua! Nilijiona vile nilivyokuwa nikiitwa, "Mama Stoo, hii iko nini?", nami nikinusa na kujibu kwa maringo kama mwanafunzi bora, kumbe yeye alikuwa ananiuliza kwa kuwa hajui. Hapa kazini hakukosea chupa hata moja kwa sababu hakumimina bila mmoja wetu kunusa. Nyumbani Chatsworth, Jumapili, peke yake gerejini, hakukuwa na mtu wa kumnusia. Chupa mbili za juisi zilizofanana zilikaa rafuni, na akachukua ile mbaya. Na kila alipotengeneza paa lile hapa uani, alilijaza tena kutoka chupa ile ile.

Mafuta ya breki na mipira ya haidroliki havipatani. Mpira unakuwa laini, unavimba, mwishowe unachanika. Pembe tatu zilizoonekana imara hazikuwa imara hata kidogo, zilikuwa zimekabwa tu na mipira iliyovimba. Ile ya nne, aliyoilaumu miezi yote, ndiyo pekee iliyokuwa ikisema ukweli.

Hakuna aliyecheka. Papy alichuchumaa mbele ya Mzee, akamwambia, "Vieux, pua zetu zote zilikuwa zako. Ungeziomba tu." Mzee Abdool alifunika uso kwa mikono yenye grisi, na mimi nikaingia stoo nikajifanya natafuta kitu.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyebaki nyumbani. Papy alimwaga mafuta yote, akasafisha mabomba moja moja mpaka yakatoka maji maangavu ya kusafishia, akazifungua silinda zote nne. Kazi yangu ilikuwa mipira. Vipimo vya Marekani vya miaka ile havipo madukani, na niliambiwa "hakuna" kwa lugha zote za Durban. Mwishowe nilipeleka ile ya zamani kwa duka moja la vipuri vya trekta Pietermaritzburg, mzee wa pale akaipima, akachomoa droo, akaniwekea mbele yangu inayofanana nayo kabisa, inatumika kwenye jembe la kunyanyuka. Nilimkumbatia, na mkewe alikuwepo.

Na Mzee Abdool? Alikatazwa kugusa. Alipewa kiti na birika. Alitoa amri kutoka kwenye kiti hicho mpaka Papy akapandisha sauti ya redio, naye akapandisha sauti ya amri. Nikaona amerudi, nikashukuru Mungu. Mchana aliniletea chupa zake zote, za hapa na za nyumbani, akazipanga kwenye kaunta. Tukanusa sisi, nikaandika lebo mimi, kwa herufi kubwa, naye akanishikia gundi. Sikusema kwamba nilikuwa sahihi miaka yote hiyo. Ninaandika hapa, inatosha.

Jioni paa likapanda bila kugugumia, pembe zote kwa pamoja, polepole kama mtu anayeamka vizuri. Papy akaning'iniza nyuzi nne na nati zake, akafunga geti, tukaenda kwetu.

Jumapili asubuhi, baada ya misa, nilikuta Mzee yuko getini ameshafika na mkewe. Papy alikuwa ndani. Mzee alisimama ameipa karavani mgongo. Alisema hawezi kutazama, nimtazamie mimi. Nikainama pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ya nyuma kushoto niliipigia magoti kabisa. Nati iligusa chaki. Nikamwambia, naye akaniuliza mara mbili zaidi, kisha akamshika Papy mkono akaukaza, hakuuachia.

Mama Aysha hakungoja kuitwa. Alipanda ngazi ya nyuma, akaingia, akanyooka wima, akainua mikono yote miwili mpaka viganja vikagusa dari. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akafungua dirisha dogo la pembeni, akatoa kichwa, akatuambia jambo ambalo hata mumewe hakulijua: kwamba habari ya pua alikuwa nayo tangu zamani. Siku moja maharage yaliungua chungu kizima, nyumba ikajaa moshi mpaka jirani akaja kugonga mlango, naye Abdool akaingia kutoka msikitini akasifia jinsi chakula kinavyonukia. Alinyamaza kwa sababu mwanamume mzima akificha kitu, muache akitoe mwenyewe. Ila hakujua kwamba anamimina mafuta kwa pua hiyo, angejua angekuja na taxi ya kwanza. Hapo tulicheka wote, na aliyecheka zaidi ni Mzee, mpaka akaegemea gari.

Halafu Mama Aysha akamwita mumewe aje karibu na dirisha, akapunguza sauti, lakini tulisikia. Alimwambia, "Gesi ikivuja huko njiani, nitasikia mimi. Wewe niambie tu kuna nini pembeni." Mzee Abdool akajibu, "Sharp," ndiyo "sawa" ya mitaa ya huku, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Wanaondoka kesho alfajiri, kupitia Bloemfontein na Upington. Hawangoji Agosti ichangamke, wanakwenda kuisubiri huko huko. Mama Aysha ameomba hotuba za leo ziwe fupi ili alale mapema, na biriani imeiva, kwa hiyo namalizia.

Mzee Abdool, asante kwa miaka ambayo hakuna paa lililomshukia mtu. Asante kwa ukali wako, kwa kelele zako, hata kwa ugomvi, ambao stoo itaukosa. Asante kwa kutufundisha kunusa, ingawa ulikuwa na sababu zako. Tunawaombea njia iliyonyooka na afya njema. Ukifika kwenye maua hayo simamisha gari, pandisha paa, na umtajie mke wako kila kilicho pembeni mwa macho yake, kimoja kimoja, hata vile vidogo, wala usichoke kabla yeye hajasema inatosha.

Constance, mtunza stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wote